Kitabu cha keya na nishani isiyo na jina

Nishani za Vita vya Pili naletewa mara kwa mara, na nyingi sinunui. Waingereza waliamua nyota zao za vita vile, yaani nishani za umbo la nyota, zitolewe bila kuchongwa jina la askari, kwa hiyo mtu akikuwekea mezani Nyota ya Burma na kuapa ni ya babu yake, huna cha kubisha wala cha kukubali. Mimi natafuta kitabu cha utumishi, kile askari alichotembea nacho mfukoni.

Juzi kijana mmoja wa Magu kanifuata Mlango Mmoja, soko la hapa Mwanza, na kitabu cha babu yake aliyekuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Anataka laki mbili. Jalada limeliwa na panya kwenye kona. Mahali pa sahihi pana alama ya dole gumba, wino wa zambarau, limekandamizwa mpaka mistari imeungana. Karani mmoja kaliandika jina la kijiji anavyojua yeye, mwingine kalikata na kuliandika upya, naye kakosea vilevile! Pini imeacha kutu kwenye kurasa mbili, na madoa yanalingana ukikifunga.

Hapo nikakiamini. Vitabu vya askari wa Kijerumani, Soldbuch, vina wanunuzi wengi Ulaya, na penye wanunuzi wajanja hawakosekani: wanaongeza kikosi maarufu au nishani ili bei ipande. Kitabu kilichojazwa mwandiko mmoja na wino mmoja tangu kuandikishwa hadi kuachishwa, mimi sikigusi.

Hiki kinamfikisha mzee Burma, ilikopigana Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, wakaingia Kalewa mwezi Desemba.

Sisi wa Mwanza, kwa kweli, tusingepaswa kufundishwa thamani ya karatasi. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika Vita vya Kwanza, malimbikizo yao, wazee walikusanyika hapahapa mjini. Wenye vyeti walikuwa wachache. Wengine walileta matambara ya sare. Basi mtu wa benki akawa anamshikisha kila mzee ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wanasema hakuna aliyekosea hata mmoja.

Kijana sikumlipa. Nilimuuliza kama shangazi zake wanajua kitabu kimetoka nyumbani, akaanza kuangalia simu. Nimempigia picha kila ukurasa na kumweleza mihuri inasema nini. Ukoo ukikubali, laki mbili ipo, ila kitabu kije pamoja na nishani. Nishani, anadai, iko Ukerewe kwa baba yake mdogo. Nimemwambia aanzie huko.