Mama, ulishakabidhi

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni. Miaka 19 natembea na mafunguo kiunoni, hata kanisani wananijua kwa mlio wake. Mahindi, maharage, sukari, mafuta ya kupikia, majembe, viti visivyo na miguu, vyote viko kwenye leja yangu.

Mwaka 2019 nilihamishwa kutoka Same kuja Moshi. Makabidhiano yalichukua siku tatu. Tulipima gunia kwa gunia, sufuria tukazigeuza na kuzielekeza juani kuona kama zimetoboka. Siku ya tatu tukasaini hati nakala tatu, nikavua mafunguo, nikampa kijana aliyenipokea.

Wiki haijaisha nikampigia simu. Maharage umeyaanika? Wale panya wa kona ya kushoto umewatega? Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Lakini mama, ulishakabidhi."

Nilinuna. Jioni hiyo natafuta vocha kwenye mkoba, nikaushika ufunguo wa kufuli dogo la mlango wa nyuma. Ningependa kusema niliusahau.

Neno hilohilo la stoo ndilo lililoko Zaburi 37:5: "Umkabidhi BWANA njia yako, pia umtumaini, naye atafanya." Nimelisoma tangu kipaimara, na sikuwahi kulisikia kama mtu wa leja.

Kijana wangu wa kwanza nilimpangia uhasibu tangu akiwa darasa la tano. Alipofika mwaka wa pili chuoni akaacha, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Si kwenye mgodi wa kampuni, ni machimbo madogo: duara la kuchimba kwa mkono, kuta zimeshikiliwa na matimba ya miti, mtu anashuka kwa kamba. Mvua ikinyesha hapa Moshi mimi tumbo linakata, kumbe Geita jua linawaka.

Ijumaa moja kwenye ibada ya jioni nilipiga magoti, nikalia mpaka kitenge kikalowa, nikamkabidhi kwa Mungu. Watu wakanishika mabega wakasema amina. Jumamosi saa moja asubuhi nikampigia binamu yangu anayeuza nguo Katoro, hukohuko Geita: "Nenda kamwangalie, ila usimwambie nimekutuma."

Kwenye shuhuda zetu mambo huwa mepesi. Mtu anakabidhi Ijumaa, Jumatatu mtoto amerudi chuoni. Wangu hajarudi. Na ule mstari nimeusoma polepole: unasema "naye atafanya", hausemi atafanya nilichokiandika mimi kwenye bajeti.

Anayenisaidia ni Hana, mama yake Samweli. Alimwomba mtoto kwa machozi, akampata, alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo akamwacha kwa kuhani Eli. Halafu 1 Samweli 2:19 inasema kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mimi hushona kidogo, na hapo ndipo ninaposimama. Alikata kitambaa kwa kipimo gani? Mtoto hayupo nyumbani, mwaka mzima anakua mbali na macho yake. Lazima alikuwa anakisia: mikono itakuwa imefika hapa, mabega hapa. Hakwenda Shilo kumrudisha, wala hakuacha kushona.

Basi sasa asubuhi, kabla sijafungua stoo, naomba kwa lugha ninayoijua: Bwana, mali uliyonipa nakurudishia, ikiwa hai, ina utundu wake, pokea, saini. Kesho yake nakuta nimeichukua tena usiku, nasaini upya. Hata Yesu pale Gethsemane aliomba mara tatu maneno yaleyale, kwa hiyo sioni aibu.

Ule ufunguo nilimpa kondakta wa basi la Same, ndani ya bahasha. Yule kijana wa stoo hakuniuliza kitu, alituma ujumbe: umefika mama, asante.

Jumapili iliyopita mwanangu alipiga. Tukaongea, akanyamaza kidogo, akacheka. "Mama, leo huniulizi duara limefika futi ngapi?"

Nikamwambia nauliza umekula nini.

Ugali na dagaa, akasema, na tukabishana robo saa nzima kama dagaa wanatakiwa kuchemshwa kwanza ama wakaangwe wakavu. Namba ya binamu wa Katoro bado ninayo, sijaifuta.