Nilivyojifunza kukitunza kichaka adimu cha Acacia pubescens

Acacia pubescens haioti yenyewe mahali pengine popote duniani ila Sydney na viunga vyake, hasa upande wa magharibi: Bankstown, Fairfield, Rookwood, na kule Pitt Town. Sheria za Australia zimeiweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mimi nimetoka Limuru, kaunti ya Kiambu nchini Kenya, sasa naishi karibu na Bankstown, na Jumamosi hujiunga na watu wanaojitolea kuondoa magugu katika kipande cha msitu kilichobaki kati ya barabara kuu na nyumba za watu. Wanaozungumza Kiswahili ni wengi upande huu wa mji, na hupita kando ya vichaka hivi kila siku. Kwa ajili yao naandika.

Aliyelelewa Kiambu anaujua mwati. Kuni na makaa yetu vilikuwa vya mwati, na magome yake yaliuzwa ili kutengenezea ngozi viwandani. Asili ya mti huo ni kusini-mashariki mwa Australia, lakini jina lake la kisayansi, Acacia mearnsii, lilitolewa mwaka 1925 kwa sampuli ambayo Mmarekani Edgar Mearns aliichukua Thika. Kichaka changu cha Sydney nacho kilielezwa mara ya kwanza kikiwa ugenini. Mfaransa Ventenat alikiandika mwaka 1803 kutokana na mmea uliokuzwa katika bustani ya Malmaison karibu na Paris. Nikikaa na vitu hivi viwili kichwani hufurahi sana, maana hawa ni ndugu, na wote wawili dunia ya sayansi iliwapa majina wakiwa mbali na kwao.

Majani yao yanafanana: vijani vidogo vidogo vilivyopangika pande mbili kama unyoya. Magharibi ya Sydney kuna miwati ya aina kadhaa yenye majani ya namna hiyo, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi, unahitaji vidole. Shika tawi changa ulizungushe taratibu. Acacia decurrens ina migongo iliyoinuka kando ya tawi. Acacia pubescens imeota malaika, yaani vinyweleo, meupe, laini, yaliyosimama. Ukiinua tawi kuelekea jua utayaona yakimeta. Pia mwati wa kwetu hupanda ukawa mti, lakini hiki hubaki kichaka cha mita 1 hadi 5, matawi yakiinama. Kati ya Agosti na Oktoba hufunikwa na vishada vya maua ya njano ya mviringo, na hapo hata mtoto hukitambua.

Kilichobadilisha mikono yangu ni kuelewa jinsi kinavyozaliana. Mbegu zake ni chache sana. Huenea zaidi kwa machipukizi yanayotoka mizizini, hivyo kundi zima la mashina unaloliona linaweza kuwa mmea mmoja. Chipukizi lililojificha ndani ya nyasi, jembamba kuliko penseli, ndilo uhai wake wa kesho. Kwa sababu hiyo situmii jembe hata kidogo. Napiga magoti, natenganisha nyasi kwa vidole, napapasa shina moja moja nikitafuta malaika, na kila chipukizi nililolipata naliwekea kijiti chenye utepe kabla sijang'oa chochote.

Magugu yenyewe ni ya nyumbani. Nyasi za kikuyu, ambazo kwetu ni chakula cha ng'ombe, huku hutambaa na kufunika kila kitu. Naufuata mtambao mmoja hadi kwenye pingili iliyotia mizizi, naukata, naunyanyua, naukunja kuelekea nje, mbali na vijiti vyangu. Mzeituni wa Kiafrika, ule ambao Wamaasai husafishia vibuyu vya maziwa kwa kijiti chake kilichochomwa, uliletwa huku karne ya 19. Ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na kivuli chake kizito huua kilicho chini. Huo tunaukata kwa msumeno karibu kabisa na ardhi na kupaka dawa kwenye kisiki papo hapo kwa brashi. Kunyunyiza hapana, upepo utaipeleka dawa kwenye kichaka.

Mpangilio wa kazi tumeurithi kwa dada wawili wa Mosman, hapa hapa Sydney, Joan na Eileen Bradley, walioanza kuufanyia kazi miaka ya 1960: anza pale msitu ulipo mzima, kisha sogea kuelekea magugu kwa kasi ile ile ambayo mimea ya asili inaweza kujaza nafasi. Mkulima hutamani kuvamia kona mbaya kwanza. Nimeona kwa macho yangu kwamba kona iliyofyekwa yote kwa siku moja hurudiwa na magugu kabla chipukizi halijafika.

Mama mmoja kutoka Bukavu alipojiunga nasi nilimfundisha kwa kupapasa tu. Haikuchukua muda akaniita: "Mwanangu, kuya uguse hii, iko na manyoya!" Lilikuwa chipukizi nje kabisa ya eneo tulilolizungushia vigingi, upande ambako mashine ya kukata nyasi hupita. Tukahamisha vigingi siku hiyo hiyo, tukaomba wanaokata nyasi wapitie mbali zaidi.

Mbegu usichume, hilo linahitaji kibali. Ukitaka kukipanda nyumbani, tafuta mche kwenye kitalu cha mimea ya asili ya hapa. Udongo wa mfinyanzi hakiuogopi. Usikipande kando ya miwati mingine, maana huchavushana wakazaa machotara. Na ukija kufanya kazi nasi, njoo na glavu na kofia, jembe liache nyumbani.