Nywila za Git kwenye kompyuta ya pamoja

Ofisini kwetu Kijitonyama, ambako kompyuta moja ya Linux hutumiwa na watengenezaji programu wa zamu tofauti kwa akaunti ileile, wiki hii nimekagua namna Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, inavyotunza nywila. Mpangilio uitwao store huandika jina la mtumiaji na nywila katika faili la .git-credentials bila kuzificha kwa namna yoyote, hivyo anayeingia zamu inayofuata anaweza kuzisoma kama asomavyo kibao cha daladala. Nimeuondoa na kuweka cache, ambao huzihifadhi kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwa sekunde 900 usipobadilisha, na amri ya git credential-cache exit huzifuta papo hapo zamu inapokwisha. Wenzangu wananung'unika kwamba wanabandika tokeni, yaani ufunguo wa maandishi utumikao badala ya nywila, kila mara (GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, iliacha kupokea nywila za akaunti kwa kazi za Git Agosti 13, 2021), lakini usumbufu huo naukubali. Lililo zito zaidi ni kwamba kubadili mpangilio hakufuti kilichokwisha kuandikwa: faili la zamani hubaki palepale, na inabidi ulifute mwenyewe, kisha uzibatilishe tokeni zote zilizokuwemo.