Siku ya tatu Resolute, ndege bado

Leo siku ya tatu niko Resolute, kijiji cha Nunavut, kaskazini ya mbali ya Kanada, nasubiri ndege ya kwenda kijiji kingine, Grise Fiord, na leo tena tumeambiwa ukungu, rudini mlale tutawapigia. Wenyeji hata hawakununa, wamebeba mizigo wakaondoka. Huku Nunavut barabara ya kutoka kijiji kimoja hadi kingine hakuna, meli mpaka kiangazi barafu iachie, kwa hiyo hiyo ndege ndogo ya Twin Otter ndo basi, ndo ambulensi, ndo posta. Umbali kama kilomita 390 tu, Nairobi kwenda Mombasa ni mbali zaidi! Ila kule uwanja ni kipande cha changarawe kilichobanwa kati ya milima na bahari, rubani asipouona vizuri anageuza, na bora ageuze.

Kiwanjani nilikaa na bibi mmoja wa Kiinuit (watu wa asili wa kaskazini ya Kanada), miguuni ana boksi la samaki walioganda, anampelekea ndugu yake. Mjukuu akawa ananitafsiria. Mimi nilidhani watu wamekuwepo huku miaka na miaka, kumbe vijiji hivi viwili vimeanza na watu walioletwa. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilichukua familia kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, karibu kilomita 2,000 kusini ya hapa, wakaambiwa huko wanyama wa kuwinda wapo tele na msipopapenda baada ya miaka miwili mtarudishwa. Wako melini ndo wanaambiwa hamshuki pamoja, wengine huku wengine kule. Wakaachwa na mahema, majira ya baridi yanaingia, na giza la miezi ambalo kwao hawakuwahi kuliona. Ile miaka miwili ikapita, kurudishwa hakuna. Serikali imekuja kuomba radhi 2010, hebu hesabu hapo. Kwa lugha yao Resolute ni Qausuittuq, mahali pasipopambazuka, na Grise Fiord ni Aujuittuq, mahali pasipoyeyuka.

Tangu nisikie hivyo sijaweza kuwaza ukungu wala nauli (na nauli yenyewe ukiisikia unashika kichwa), nawaza tu lile boksi. Ndugu na ndugu, katikati barafu, na kuonana kwao mpaka mawingu yakubali.

Nimemkumbuka bibi yangu wa Wete. Mdogo wake alivuka kwenda Maskati baada ya mapinduzi na mpaka bibi anafariki hawakuonana tena, zilikuwa zinakuja barua, halafu kaseti, kila Idi anaisikiliza ile kaseti analia kimya kimya, na sisi watoto tunafukuzwa tukacheze nje. Ndege za Maskati zilikuwepo. Hela ndo haikuwepo, na baadae nadhani na moyo ulishachoka.

Simu imelia sasa hivi, kesho saa mbili asubuhi tujaribu tena. Nimemwandikia mama anitafutie namba ya watoto wa yule bibi mdogo. Hajajibu, kwao saa hizi ni alfajiri.