Nyani, saa na nukta zilizohama

Mama ninayenunua kwake mahindi choma Naivasha aliwahi kuniuliza ninafanya kazi gani huko Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini. Nikamwambia: nasikiliza mwamba. Akacheka mpaka akaunguza mahindi yangu. Siku hizi nasema tu mimi ni fundi.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Tumefukia sensa ardhini kuzunguka visima vya mvuke, kila moja na betri yake, sola yake na antena ya GPS ya kuipa saa sahihi. Zinanasa mitetemo midogo sana. Ukisimama papo hapo na kikombe cha chai, chai haichezi. Mvuke wa Olkaria haukai pangoni kama wengi wanavyodhani. Unapita kwenye nyufa, na kisima cha kilomita 3 kisichokutana na ufa ni shimo la bei ghali. Ufa ukiteleza, hata kwa upana wa unywele, unatoa mlio. Wimbi la P, linalosukuma, ndilo linalotangulia. La S, linalotikisa kando, linakuja nyuma. Tukijua kila sensa ilisikia saa ngapi, tunapiga hesabu ya mahali na kina cha mtetemo, tunaweka nukta kwenye ramani. Nukta zikishakuwa mamia, zinajipanga, na hapo ndipo ufa unapojitokeza.

Sasa, mwaka jana nukta zilizo karibu na kisima kimoja cha kurudishia maji ardhini zilianza kuhama. Kila siku kidogo, upande mmoja tu. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimesogea karibu kilomita nzima. Bosi wangu alifurahi ajabu. Maji yanayorudishwa chini hulegeza nyufa na kuufanya mwamba ulie, kwa hiyo kwake jibu lilikuwa wazi: maji yanasafiri, tumepata njia mpya! Barua pepe ikaenda kwa wakubwa jioni ileile.

Mimi sikulala vizuri. Nukta zilikuwa zinahama kana kwamba zinakikimbia kituo kimoja, kile cha upande wa Hell's Gate. Maji gani hayo yanayojua sensa ilipo?

Asubuhi nikafungua rekodi za kituo hicho nikapima kwa mkono. Programu yetu inapoweka nukta za kwanza hutumia P peke yake, na P inategemea saa. Lakini muda kati ya P na S hautegemei saa ya mtu yeyote: hata saa ikiwa mbele, zote mbili zinakuwa mbele sawasawa. Nikapima mitetemo kumi. Sekunde 0.6 hivi, yaani kama kilomita 4 kutoka kituoni. Nikafungua ya mwezi uliotangulia: 0.6 vilevile. Mwamba ulikuwa palepale. Saa ndiyo iliyokuwa imekimbia, karibu nusu sekunde, na P ikienda kilomita 5 kwa sekunde, hilo ni kosa la kilomita mbili na nusu kwa kituo hicho. Vituo vingine ndivyo vilivyokuwa vinazivuta nukta kurudi.

Tulipofika kituoni, waya wa antena ya GPS ulikuwa umekatwa na kutafunwa. Nyani wawili walikaa juu ya jiwe wakitutazama, hawana hata haya.

"Mzee," nikamwambia bosi kwa simu, "maji hayajaenda popote."

Kimya kirefu. Kisha: "Basi andika wewe hiyo barua."

Niliiandika, na haikuwa barua ya utani. Kule Basel, Uswisi, Desemba 2006, maji yaliyosukumwa kwenye mwamba yalileta tetemeko la ukubwa wa 3.4, mradi ukasimamishwa. Anayesukuma maji chini anataka kujua mwamba unalia wapi, na haitoshi kukisia.

Waya mpya nimeupitisha ndani ya bomba la plastiki gumu. Juzi nilipita kubadilisha betri. Bomba lina alama za meno.