Jinsi nilivyochagua vifungio laini vya ubao wa theluji kwa ajili ya reli na rampu

Kwa misimu mitatu niliteleza kwa ubao wangu wa theluji nikiwa nimefungwa kwenye vifungio vigumu, yaani vile vishikio vinavyoshikilia buti kwenye ubao, vya daraja la 8 katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, kwa sababu muuzaji aliyenihudumia mara ya kwanza aliniambia kuwa mtu wa kilo 84 hawezi kutumia kitu laini. Kwa kushuka mlima kwa kasi sikuwa na la kulalamikia. Shida ilijitokeza nilipoanza kutumia jioni zangu nyingi kwenye eneo la reli na maboksi ya kuteleza juu yake, pamoja na rampu za kurukia, pale Hyland Hills, Bloomington, kusini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Kilima chenyewe kina kimo cha takriban mita 53 tu toka chini hadi juu, na kamba ya kuvuta watu humrudisha mtu juu haraka kiasi kwamba anaweza kuipita reli ileile mara nyingi kwa saa moja. Mteremko mfupi namna hiyo hautoi kasi ya kufichia makosa. Kila jambo hutoka kwenye vifundo vya miguu, magoti na nyonga, na vifundo vyangu vilikuwa kama vimefungwa gango.

Kifungio kina sehemu tatu zinazohusika na ulaini. Chini kuna bamba, ambalo kwenye ubao wangu hushikwa kwa diski na skrubu nne. Nyuma kuna mgongo, yaani kile kipande cha plastiki kinachopanda hadi karibu na kigimbi. Na juu kuna mikanda miwili, mmoja wa kifundo na mwingine wa vidole, inayokazwa kwa vishikizo vyenye meno. Namba inayochapishwa kwenye boksi huzijumlisha sehemu hizi zote kuwa tarakimu moja, tena kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo 4 ya kiwanda kimoja yaweza kulingana na 6 ya kingine. Nilipolielewa hilo niliacha kulinganisha namba, nikaanza kuuliza swali jingine: ni sehemu ipi ninayotaka inyumbuke, na inyumbukie upande gani?

Jibu lilitokana na lile jambo nililoshindwa kulifanya. Nilitaka kupita juu ya boksi huku nikiukandamiza mkia wa ubao na kuinua pua yake juu, na ili hilo lifanyike goti la nyuma halina budi kulala kuelekea mkiani, na muundi wa mguu ulale pamoja nalo. Huo ni mwendo wa ubavuni, si wa mbele na nyuma. Mgongo mgumu huuzuia mguu usilale ubavuni, na mwili ukilazimisha, ubao mzima huondoka kwenye mstari. Hapo niliona kwamba kwanza kabisa nilihitaji mgongo unaojisokota kwa urahisi, ilhali mikanda ningeipenda iendelee kunishika sawasawa.

Dukani nilikuwa na desturi ya kukamata ncha ya mgongo kwa kidole gumba na kuikunja, kama wanavyofanya wengi. Desturi hiyo hupotosha, kwa sababu dukani kuna joto la kutosha kuvaa fulana, na plastiki hukakamaa kwenye baridi. Safari hii jozi mbili nilizokuwa nazo, moja niliyoazimwa na nyingine niliyoinunua, nilizilaza barazani usiku kucha katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi nilivaa glavu nikazikunja tena. Jozi ya kwanza, ile ya kuazimwa, ambayo kwenye joto ilikuwa laini kama ukanda wa ngozi, ilikuwa imekakamaa waziwazi, na nilipoisokota ilitoa mlio mkavu; jozi ya pili ilikuwa imebadilika kidogo tu. Nadhani jaribio hili la bila gharama lilinifundisha zaidi ya maelezo yote yaliyoandikwa kwenye maboksi, nami namshauri kila anayeteleza mahali penye baridi kali alifanye kabla ya kutupa risiti.

Kisha nikaenda kilimani. Nilijiwekea sharti la kubadilisha kitu kimoja tu: ubao uleule wa sentimita 155, buti zilezile, miguu ikiwa imeelekezwa nje kwa nyuzi 15 mbele na 12 nyuma, na umbali uleule kati ya miguu. Nilipanga kupita kwenye boksi refu mara kumi kwa kila jozi, kisha kwenye reli nyembamba mara kumi, kisha kwenye rampu ndogo nikiushika ubao hewani, na baada ya kila kituo niliandika maneno machache kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huganda.

Jioni ya kwanza jozi ya pili ilinifurahisha kupita kiasi. Ubao ulikuwa ukinifuata kwa wepesi, pua ikipanda bila jasho, nami nikaandika kwamba nimepata nilichokitafuta. Mpwa wangu, ambaye huja nami siku za Ijumaa, aliinama kunisaidia kufungua mkanda uliokuwa umeshika barafu, akautikisa mguu wangu na kusema, “Mjomba, hiki kitu kinacheza. Angalia skrubu.” Ilikuwa kweli. Skrubu mbili za diski ya nyuma zilikuwa zimelegea, na bamba lilikuwa likisogea kama milimita mbili kila nilipoliegemea. Kumbe nilichokuwa nikikisifu hakikuwa ulaini hata kidogo. Kifungio kinachonyumbuka hupinda kisha hurudi mahali pake, na mguu huhisi kinavyorudi. Kifungio kilicholegea husogea bila kurudisha chochote, halafu hugota ghafla mwisho wa ile nafasi. Mguuni mambo haya mawili hufanana kwa dakika za mwanzo, hasa kwa mtu aliyetoka kwenye vifungio vigumu, na hatari yake ni kwamba skrubu iliyolegea inaweza kung’oka wakati wa kutua. Nilifuta maandishi yote ya jioni ile. Tangu hapo bisibisi haitoki mfukoni, na hukaza skrubu baada ya mteremko wa pili au wa tatu kila ninapofunga jozi upya.

Jioni iliyofuata nilifanya lililonipa jibu wazi zaidi: nilifunga kifungio cha zamani mbele na kimoja cha jozi ya pili nyuma, kisha baada ya saa moja nikavibadilisha. Kukiwa na laini nyuma, kukandamiza mkia kulikuwa rahisi karibu kama ilivyokuwa siku ya skrubu zilizolegea, ila safari hii nilihisi mguu ukirudishwa taratibu ninapotaka kuushusha ubao. Kukiwa na laini mbele, faida ilihamia kwenye rampu, kwa maana niliweza kuunyoosha mguu wa mbele na kuupindisha ubao hewani nikiwa nimeushika, jambo ambalo vifungio vya zamani vilikuwa vikilikata nusu. Kwenye reli nyembamba tofauti kubwa ilikuwa katika kusamehewa makosa. Nilipopanda nikiwa nimepinda kidogo, kifungio kigumu kilipeleka kosa lile moja kwa moja kwenye ukingo wa chuma wa ubao, nao ukauma reli. Kile laini kilinipa nafasi ndogo ya kujirekebisha kabla ukingo haujasikia.

Jozi ya kwanza, ile iliyokakamaa barazani, nayo niliipa haki yake ya kujaribiwa. Ilikuwa na mikanda mizuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, lakini mgongo wake ulinirudishia ile hali ya gango pindi jua lilipozama, na niliirudisha kwa mwenyewe nikimshukuru.

Kasoro za vifungio laini sikuziona Hyland Hills. Niliziona Lutsen, kando ya Ziwa Superior, ambako miteremko ni mirefu na theluji ya asubuhi huwa ngumu kama saruji. Ubao ukiegemea upande wa kisigino, kinachoukandamiza ukingo kwenye barafu ni mgongo wa kifungio. Ukiwa laini, agizo la mguu huchelewa kufika, na kwa kasi kubwa ucheleweshaji huo huhisiwa kama kukalia kiti kinachorudi nyuma. Nilitua vibaya mara mbili kwa namna hiyo. Nilipousogeza mgongo mbele kwa hatua moja, ili tangu mwanzo uegemee buti, nusu ya ucheleweshaji iliondoka. Hatua ya pili iliuondoa karibu wote, lakini ilinilazimisha kusimama nimekunja magoti kutwa nzima, na mapaja hayakukubali, basi nikarudi kwenye hatua moja.

Suala la buti nalo lina uzito. Mpwa wangu alivaa jozi ileile na kusema haoni tofauti yoyote na vifungio vyake vya daraja la 7. Buti zake ni ngumu na bado mpya, na zangu zimeshalainika kwa misimu miwili. Buti ngumu ndani ya kifungio laini huamua mambo yenyewe, na kifungio hubaki mtazamaji. Siku nyingine alipovaa buti zake za zamani alielewa mara moja nilichokuwa nikikisema, ingawa kwa kilo zake 61 alisema angeridhika na mgongo mgumu kidogo kuliko wangu. Hoja ya yule muuzaji, kwamba uzito peke yake huamua, ilipinduliwa na miguu yetu miwili: mimi mzito nilihitaji laini kuliko yeye mwepesi, kwa sababu mimi nataka kukandamiza mikia kwenye maboksi na yeye anapenda rampu kubwa.

Nilibaki na jozi ya pili. Sasa mkanda wa kifundo naukaza meno mawili zaidi ya nilivyozoea, mgongo uko hatua moja mbele, na wa vidole nimeushusha uikamate ncha ya buti badala ya kuikandamiza kwa juu. Vile vya daraja la 8 sijaviuza. Vinakaa kwenye mfuko wake pamoja na skrubu zake, na huvifunga tunapopanga safari ya Lutsen.