Miaka tisa bila kugeuka nyuma

Kwa miaka tisa nilicheza badminton ya wawili wawili na mwanamke mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akipiga smashi, lile pigo kali la kushuka. Si utani. Mimi nilikuwa mchezaji wa mbele, karibu na wavu, yeye akikaa nyuma. Mchezaji wa mbele akigeuka kumtazama mwenzake, raketi za wapinzani zinampotea machoni, na siku ikiwa mbaya anapigwa usoni na kinyoya, ambacho ndicho mpira wetu, kilichopigwa na mtu wa upande wake mwenyewe. Kwa hiyo hugeuki. Unasikia nyuzi zikilia nyuma yako, kitu cheupe kinapita juu ya bega, na kazi yako inaanzia hapo.

Nilikuja kufahamu nilipoanza kufundisha kwamba nusu ya mchezo ulionilea nilikuwa siijui.

Nimekulia kambini Jinja, baba yangu akiwa askari. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani, ya bombani na ya kugombana. Raketi niliishika mara ya kwanza mwaka 2001 nikiwa na miaka 12, katika ukumbi mmoja ambao wazee walisema ulijengwa na Wahindi wa mjini kabla Amin hajawafukuza mwaka 1972. Sakafu ilikuwa na mashimo mawili, na sote tuliyajua kama tunavyojua ngazi ya nyumbani gizani. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele hadi mwamuzi akahesabu kwa vidole.

Mwenzangu nilimpata 2005, nilipohamia Kampala na kuanza kufanya mazoezi Lugogo. Alinizidi miaka mitatu, nikamwita dada tangu siku ya kwanza na sikuacha hata tulipokosana. Naye alikuwa mtoto wa kambi. Hilo lilitupa silaha: uwanjani tulisemeshana Kiswahili. "Yangu!" "Yako!" "Acha, kinatoka!" Kampala wapo wengi wanaokisikia, ila hawakuzoea kukisikia kwa wasichana, kwa miaka mingi walikifahamu kama lugha ya mwenye bunduki, na nadhani wapinzani wengine walituogopa kwa sababu hiyo tu. Kisha tukaenda kucheza Nairobi. Seti ya kwanza, dada akaniambia kwa sauti, "Huyu wa kushoto mkono wake wa nyuma umekufa." Yule wa kushoto akacheka, akajibu, "Umekufa, lakini hujauzika." Tukapigwa vibaya sana. Kuanzia hapo, tukivuka Busia tulitumia Luganda, ambacho mimi hadi leo nakiongea kama mgeni.

Tulianza pamoja wakati hesabu ikiwa ya zamani, pointi 15, na anayepata pointi ni mwenye sevu, yaani aliyeanzisha mchezo, peke yake. Mwaka 2006 ikaja hesabu ya 21, na kila kinyoya kikianguka kuna pointi, uwe na sevu au usiwe nayo. Wengi walilalamika. Sisi ilitufaa, kwa sababu sevu yangu fupi ilikuwa nzuri na nilipenda kumaliza mambo mapema. Tulishinda mashindano ya ndani, tukatolewa mapema katika ya nje. Edwin Ekiring alitufikishia jina la Uganda Olimpiki, Beijing 2008 na London 2012, akicheza mmoja mmoja. Mimi sikufika huko wala sikukaribia, na kusema kweli sikuwa nimeumia. Nilikuwa na wavu wangu. Watu walinijia baada ya mechi wakinishika mkono: "Wewe una kasi! Umejuaje kinakuja pale?" Nikajibu kwamba najua tu. Dada akawa pembeni anafunga begi.

Tulikosana 2014, katika nusu fainali. Tulikuwa mbele 19 kwa 16 seti ya tatu, tukapoteza pointi tano mfululizo, tatu kati yake ni smashi zake zilizogonga wavu au kutoka nje. Nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye ametupoteza. Nilisema na neno jingine ambalo sitaliandika. Hakujibu. Aliweka raketi zake mbili kwenye begi, akapanda boda boda, ikawa ndiyo mara ya mwisho kucheza pamoja, au ndivyo nilivyodhani.

Nikaingia ukocha 2016, na nilikuwa kocha wa hovyo. Kozi nilisoma, cheti ninacho. Kozi ilinifundisha kupanga kipindi, kumshikisha mtoto raketi vizuri, kumwanzia na mchezo wa kurusha na kudaka kabla ya kumletea wavu. Haya yote yananisaidia hadi leo. Nilijua pia mambo ambayo makocha wa hapa wanafundishwa na njaa, kama vile kutunza vinyoya. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16, kwa kawaida ya bata bukini, uzito wake gramu tano tu, na boksi moja la vinyoya 12 linaweza kuisha jioni moja. Manyoya yakikauka yanakatika. Basi usiku wa kuamkia mechi nachemsha maji, nafungua boksi ncha zote mbili, nalipitisha juu ya mvuke kwa sekunde chache, nalifunika hadi asubuhi. Mume wangu aliponikuta jikoni mara ya kwanza alidhani ni dawa ya kienyeji. Halafu kuna hewa yetu: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kinyoya ambacho Mombasa kinaangukia ndani ya mstari huku kinaenda kupumzika ukutani. Tunanunua vyenye namba ndogo ya kasi, 75 au 76, na tukivikosa tunakunja ncha za manyoya mawili matatu ili kipunguze mwendo.

Haya niliyaweza. Lakini nilikuwa na wasichana wawili wa sekondari, wote wawili wazuri, na jozi yao ilikuwa haifanyi kazi. Wa nyuma alikuwa na smashi ya kutisha. Wa mbele alikuwa mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi. Na bado kila smashi ikirudishwa, inarudi mahali ambapo wa mbele hayupo. Nikawa nampigia kelele yeye. Soma mchezo! Wahi! Nilimsukuma mwaka mzima na zaidi, hadi siku moja akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Kocha, wewe ulikuwa unajuaje?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba nilikuwa najua tu, nikaona aibu.

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa nyuma yangu miaka tisa akinitazama. Nilikuwa na habari zake: anauza viatu vya mitumba katika soko la Owino. Nilizunguka kwenye vichochoro vile saa nzima nikijifanya natafuta mashuka. Nilipomkuta alikuwa amechuchumaa akipiga brashi raba nyeupe.

"Umekuja kununua au kuangalia?" akasema, bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba radhi, dada. Na kuuliza swali."

"Anza na swali."

Nilimweleza kuhusu wale wasichana. Alisikiliza akiendelea kupiga brashi. Kisha akageuza ile raba, akanionyesha soli. "Unaona imelika hapa, upande wa ndani? Huyu aliyeivaa anaegemea. Wewe ulikuwa hivyo. Ukitaka kwenda kushoto, kisigino chako cha kulia kinapanda kabla hujajua mwenyewe. Nilikuwa nakisoma. Nikiona kimepanda, smashi naipeleka mahali ambapo jibu lake litakuja kushoto."

Sikumwelewa mara moja. Alilazimika kurudia, na alirudia taratibu kama mtu anayemweleza mteja bei. Mimi nilidhani nina jicho la kujua kinyoya kitarudi wapi. Yeye ndiye aliyekuwa anachagua kirudi wapi. Pointi zile nilizoshikwa mkono kwa ajili yake, nyingi zilikuwa zimeshatengenezwa nyuma ya mgongo wangu na mtu aliyekuwa akisoma visigino.

Radhi niliiomba pia. Alisema amesikia, akanipa bei ya raba.

Alikuja Jumapili ya pili yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mstari wa mwisho, akawatazama wasichana kwa dakika arobaini bila neno. Mimi nilizoea kusimama pembeni kwenye nguzo ya wavu, kwa sababu hapo ndipo macho yangu yalipozoea kuwa. Akaniita. "Kaa hapa." Nilikaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutazama mchezo wa wawili kutoka kule nyuma. Ukiwa pale unaona kila kitu kama ramani, na jambo lenyewe lilikuwa wazi hadi likaniudhi.

Yule msichana wa nyuma alikuwa anapiga smashi za kuua. Akiwa kona ya kulia, alikuwa anakata kinyoya kukivusha uwanja kwenda upande wa pili, kwa sababu pale anaona nafasi. Mpinzani aliyeko huko akiweka raketi tu, kinyoya kinarudi moja kwa moja upande wa kushoto ulio mtupu, na mwenzake wa mbele amesimama kulia alipotakiwa kusimama. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Nilikuwa nimemfokea mtu asiye na hatia zaidi ya mwaka.

"Smashi ya kuua ni ya mchezaji wa peke yake," dada akamwambia yule mwenye nguvu. "Ukiwa na mwenzako, smashi ni ya kuomba. Unamwomba adui akuletee kinyoya pale mwenzako alipo." Akamwonyesha mahali: nyonga ya mkono wa raketi ya mpinzani aliye mbele yako, au katikati ya wapinzani wawili, pale ambapo kila mmoja anadhani ni cha mwenzake. Nguvu asilimia sabini inatosha. Kukata kuvusha upande wa pili ni pale tu umesimama vizuri na mwenzako ameshajua.

Kutoka hapo nilibadilisha mazoezi yangu. Kwanza, wa nyuma anatamka kabla ya kupiga: "moja" ni mstari ulionyooka, "mbili" ni katikati, "tatu" ni kuvusha. Wiki tatu ukumbi ulijaa namba kama mnada. Pili, kila baada ya vinyoya kumi, wa mbele anatoka anakwenda kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, mwingine anaingia badala yake. Tatu, simu yangu naifunga kwa mpira wa kamba kwenye dirisha la nyuma, inarekodi kutoka huko, na jioni tunatazama visigino. Wasichana wanaliita somo la viatu. Nawabadilisha nafasi pia, wa mbele anakwenda nyuma mwezi mzima, ingawa wazazi wa mmoja walikuja kulalamika kwamba naharibu kipaji cha mtoto wao. Niliwasikiliza na sikubadilisha kitu.

Mashindano yaliyofuata walitolewa raundi ya kwanza, tena wakicheza vibaya kuliko zamani, kwa kuwa walikuwa wanafikiri. Nilitarajia. Ilichukua karibu miezi minane hadi namba zikaacha kutamkwa na vinyoya vikaendelea kurudi pale pale.

Mwaka huo huo wa 2018 walileta kanuni mpya ya sevu, kinyoya kipigwe kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, badala ya kupimwa kwa kiuno cha mchezaji. Sisi wafupi tulipewa sentimita za bure. Nilikuwa nimeshastaafu, na bado sijawasamehe.

Napenda kuwaambia vijana kwamba wawili wawili si mchezo wa waliokosa nafasi ya mmoja mmoja. Pambano la timu za wanawake lina mechi tano, na mbili ni za wawili. Mwaka 2024 wasichana wa Uganda walikwenda Chengdu, China, kucheza Uber Cup, mashindano ya dunia ya timu za wanawake, kundi moja na Japani, Indonesia na Hong Kong. Chengdu iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo nilitazama kwenye simu na kazi zangu zikalala. Mechi za wawili nilizitazama nikiwa nimefunika nusu ya juu ya kioo kwa kiganja, niwaone wa kwetu tu, kutoka kiunoni kwenda chini. Mwanangu aliuliza kama nimeugua.

Dada huja Jumapili moja kwa mwezi, akiuza kidogo. Mwaka jana wale wasichana, sasa ni wanawake, walitushawishi tucheze nao seti moja. Magoti yangu hayakutaka, lakini nilisimama mbele, raketi juu, kama zamani. Pointi ya tatu wakatupandishia kinyoya kirefu kwenda kona ya kulia. Nikamsikia akikanyaga nyuma yangu, hatua mbili na kuruka, na nikawaza kwamba nina miaka zaidi ya thelathini na tano na sijawahi kumwona mtu huyu akipiga.

Nikageuka.

Kikanipata begani, kwa asilimia sabini nadhani.

"Tazama mbele," akasema.